Mpera wa Dirishani

Ukitaka kuuona mpera wangu vizuri, usiusimamie kama mkaguzi wa shule. Ukisimama utaona sinia la bati, udongo wa kujaza kofia, na kijiti chenye majani, kimo chake toka kiwiko chako mpaka ncha za vidole. Halafu utasema, "Kumbe ndio huu?" kama walivyosema wateja wangu wote siku ya kwanza. Inama. Laza shavu kwenye ukingo wa dirisha asubuhi, jua linapopenya kwenye nondo, na usahau kidogo kwamba wewe ni mtu mzima mwenye majukumu. Hapo utaona shina linapanda, linapinda kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, linarudi, linagawanyika. Magome yanabanduka vipande vipande, rangi ya shaba. Chini ya tawi kubwa kuna uwazi wenye kivuli. Mimi nimekaa pale mara nyingi, na usingizi nimeshalala.

Usiniite mwendawazimu bado, ndiyo kwanza tunaanza.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga: kioo kimoja, kiti cha mteja, na benchi la wenye umbea ambalo halijawahi kukaa tupu. Kazi ya kusuka ina raha yake. Ukishagawa nywele, mistari ikanyooka, mikono inaendelea yenyewe nawe unabaki huru kwenda unakotaka. Wasusi wenzangu huenda kwenye ugomvi wao wa jana. Mimi nilikuwa nakwenda chini ya mpera. Natoka kwa mlango ulio nyuma ya kioo, ambao haupo, nakanyaga udongo mweusi wenye kokoto kubwa kama nyumba, nazunguka mzizi uliojitokeza kama ukuta, naegemea shina. Juu majani yanapumua. Kwa mbali, mbali sana, nasikia mashine ikisawazisha ardhi, na najua anayeiendesha ni nani.

"Dada, umenisuka mpaka sikio," mteja ananiambia.

"Sikio lako ndilo limeingia njiani." Nafumua kidogo, narudi nilikokuwa.

Anayeunguruma huko ni mume wangu. Watu wote wanamwita Greda kwa sababu ndiyo mashine anayoiendesha. Mama yake mzazi alishindana na jina hilo kwa muda, mwisho akasalimu amri. Greda anajenga barabara mahali ambako barabara hazijafika, na mahali pa namna hiyo hapawezi kuwa karibu. Anakuja likizo, anakaa mpaka nguo zake zinaanza kunukia sabuni ya nyumbani, kisha gari la kampuni linapiga honi.

Asubuhi ya mkataba wa kwanza alikuwa anakula pera amesimama. Honi ikalia. Akaacha nusu ya pera dirishani na nusu ya sentensi mlangoni, akaenda zake. Ile sentensi sikuipata tena. Pera nililiacha pale pale, na si kwa mapenzi kama wanavyodhani watu wa benchi, ni kwa hasira: nilisema atakuja kuliokota mwenyewe. Likakauka. Siku moja, nikiwa sina mteja, nikazikwangua mbegu zake nikazibonyeza kwenye kopo la mafuta ya nywele lililojaa udongo, nione hasira ikipandwa huota nini. Huota mipera. Mingi ilikufa kwa uzembe wangu, mmoja ukakataa.

Sasa, uani hatuna. Mlango wa mbele unafungukia barabarani, wa nyuma unafungukia kwenye mfereji. Mwenye nyumba hana neno na miti, ila ardhi ndiyo hana. Kwa hiyo ule mche ulikuwa uchague: uwe mdogo au usiwepo. Nalo halikuwa jambo geni kwangu. Nimewahi kukaa chumba ambacho ukitaka kugeuka inabidi ukiombe kitanda ruhusa, na humo humo nilicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Aliyenionyesha njia ni fundi wa kusuka mota, ng'ambo ya barabara.

"Kuna watu wana ufundi huu tangu enzi za mababu zao," aliniambia, akinionyesha picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. "Wanauita bonsai. Mti mzima, wenye umri wa babu yako, unakaa kwenye sinia. Hata wa matunda unawezekana. Unapunguza mizizi, unachuma vichipukizi, na matawi unayaelekeza kwa waya."

"Waya nitautoa wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji naye kasimama mtoni. Nyuma yake mota zilizoungua zilirundikana mpaka darini, kila moja tumbo limejaa shaba. "Chukua hii iliyoungua," akasema. "Shaba mpya ni kaidi. Hii moto umeshaifunza adabu, ukiipinda inatulia."

Yeye anasuka mota, mimi nasuka vichwa. Tukaelewana bila mkalimani.

Jioni ile ile nikausuka mpera. Nao, maskini, ukasukwa na mtu mwenye sifa zake. Mtaani kwetu mimi najulikana kwa msuko usiolegea: mteja anatoka kwangu nyusi zimepanda, hata kufumba macho ni kazi, na analipa kwa furaha kwa sababu anajua utadumu. Nikauzungushia shina waya wangu mzunguko juu ya mzunguko, nikakaza, nikajipongeza. Kichwa kikishasukwa hivyo, nywele zinakua na msuko unalegea wenyewe. Mti ukikua unanenepa, na msuko unakaza. Hilo hakuna aliyeniambia, na miaka yangu yote ya kusuka ndiyo iliyonizuia kuliwaza. Nilipokuja kuangalia, waya ulikuwa umezama kwenye gome kama pete kwenye kidole cha mama aliyezaa watoto wengi. Nikaukata kipande kimoja kimoja kwa kikata kucha, nikiomba radhi kila kipande. Ukabaki mchirizi unaozunguka shina toka chini hadi juu, kama njia ya kupanda mlima.

Mteja mmoja akauona mchirizi ule akasema, "Nisuke hivyo." Nikamsuka mstari mmoja unaozunguka kichwa toka shingoni mpaka utosini. Mwezi haukuisha, nusu ya mtaa ilikuwa inatembea na kovu la mpera wangu kichwani, na wenyewe wanauita msuko wa mlima.

Tangu hapo nikajifunza taratibu. Mvua zinapoanza naung'oa siniani, naichana mizizi kwa kitana cha meno mapana, kwanza ncha, kisha juu, kama kichwa cha mtoto asiyependa kuchanwa. Mizizi minene naipunguza kwa mkasi, myembamba naiacha. Majani yakiwa makubwa nayachuma, yanarudi madogo, nayachuma tena, yanarudi madogo zaidi, mpaka yakawa kama kucha. Nauzungumzisha. Siku za benchi tupu, ambazo huwa ni za mvua kubwa, tulikuwa wawili tu pale, mimi na ule mpera, na habari za Greda nilikuwa nauambia kabla sijamwambia mtu mwingine.

Wifi yangu, dada yake Greda, ana cherehani chumba cha pili. Huyo ndiye mwenye hisa nyingi kwenye benchi.

"Wifi," alikuwa akisema, mdomo umejaa pini, "wenzako wanakuza, wewe unadumaza."

"Na wewe vitambaa vya watu unavikata, unavibana, unavipiga pasi. Mbona husemi unavidumaza?"

"Kitambaa hakikui."

"Wateja wako je? Si kila mwaka unawafumulia kiuno?"

Anacheka mpaka pini zinamwagika. "Haya. Lakini kaka yangu akirudi akikuta mti uko vile vile, atasema huulishi."

"Kaka yako mwenyewe anarudi amekonda. Waulize kampuni kwanza."

Na kweli kila likizo Greda alikuwa akisimama mbele ya dirisha, anagusa jani moja kwa kidole kikubwa chenye weusi wa oili usiotoka kwa sabuni yoyote, anashusha pumzi. "Maskini," anasema. Mimi nilidhani anajisemea mwenyewe, nikawa namletea chai. Kumbe alikuwa anausemea mti. Yeye aliamini umebaki mdogo kwa kukosa ardhi tu, kama sisi, na kwamba mimi naupunguza kwa sababu sina namna. Hakuuliza. Nami sikumwambia kwamba siku hizi ningepewa uwanja wa mpira bado ningeutaka vile vile, kwenye sinia, karibu na shavu langu. Mtu anakaa likizo fupi. Utaanzaje kumweleza kitu ambacho hata benchi hawakielewi.

Kisha ukazaa.

Ulitoa maua meupe yenye ndevu, machache, na mimi nikayaacha mawili, kisha moja. Sasa sikiliza ajabu ya miti hii. Jani linakubali kupungua. Tawi linakubali. Tunda halikubali. Tunda halijui kwamba mama yake ni mfupi, lenyewe linakuja kwa ukubwa wake ule ule wa sokoni. Pera likavimba, likawa kama ngumi, likaning'inia kwenye tawi nene kama penseli. Nikaogopa litavunja tawi. Nikachukua neti ya nywele, nikaliweka pera ndani kama kichwa kinacholala, nikaifunga kwenye nondo ya dirisha. Wateja wakaanza kuja kutazama tu. Wengine walilinusa, na niliyemkamata analibonyeza nilimsuka kwa kukaza.

Greda akaja likizo pera likiwa limeanza kupoteza ukijani. Safari hii hakushusha pumzi. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza taa.

"Vaa viatu, bibie," akasema kabla hata hajaketi. "Twende nikuonyeshe kitu."

Tulipita nyumba za mwisho, tukapita tanuri za matofali, tukafika mahali penye majani makavu na vigingi. Akasimama katikati ya vigingi vinne. Sikuuliza. Mtu akisimama hivyo katikati ya vigingi, kiwanja ni chake.

"Chetu," akasema.

Nilizunguka kigingi mpaka kigingi. Niligusa kila kimoja. Macho yaliniwasha, nikasingizia vumbi la tanuri, naye kwa heshima akakubali kwamba ni vumbi. Kisha akanishika mkono akanipeleka pembeni, na pale palikuwa na shimo. Alikuwa amelichimba kabla hajafika nyumbani, alishuka garini na sepetu. Shimo refu, pande zake zimenyooka kama amezipimia. Ungeweza kusimamisha mtu humo abaki kichwa.

"Umemuua nani?" nikamuuliza.

"Ni la mpera wetu. Utoke kifungoni sasa." Akachuchumaa ukingoni, akashika udongo. "Unajua kazi yangu ni nini mimi? Watu wanasema najenga barabara. Wanaojenga wanakuja nyuma. Mimi natangulia kung'oa. Kila mti ulioota njiani, mtu wa mwisho kuuona umesimama ni mimi. Usiku nikifumba macho naiona inavyolala. Nataka mmoja tu. Mmoja nitakaousimamisha kwa mkono wangu, uwe mkubwa, unipite."

Ningesema nini hapo? Niambie wewe mwenye mdomo mwepesi. Nilisema, "Tungoje pera liive kwanza." Yeye akatikisa kichwa kukubali, akiwaza sijui nini. Nadhani aliwaza kwamba namwonea haya. Wanaume wakitaka kutufurahisha huwa hawasikii vizuri.

Kesho yake nilikuwa na bibi harusi. Bibi harusi hasukwi saluni, anafuatwa kwao, na anasukwa tangu asubuhi huku mashangazi wanane wanatoa maoni. Mikono yangu ilifanya kazi, mimi nikaondoka kama kawaida yangu. Nilitoka kwa ule mlango wa nyuma ya kioo. Nilikanyaga udongo mweusi. Lakini siku hiyo nilitembea na kutembea, nikapita kokoto moja baada ya nyingine, na shina sikulifikia. Palikuwa na mwanga mwingi mno. Nikarudi kwenye kichwa cha bibi harusi nikiwa na jasho, shangazi mmoja akanipepea na kusema siku za harusi zinachosha.

Nilirudi nyumbani alasiri. Dirisha lilikuwa wazi. Pale pa sinia palikuwa na mstatili safi usio na vumbi, na ile neti ya nywele ilikuwa inaning'inia kwenye nondo, tupu.

Wifi alikuwa mlangoni na futi ya kushonea shingoni. Hakunitania, na hapo ndipo nilipojua ni kweli.

"Nilimwambia akusubiri," akasema. "Akaniambia anataka ukirudi ukute ameshamaliza, ufurahi. Wifi, aliubeba kama mtoto aliyezaliwa leo. Mkono mmoja chini ya pera, njia nzima. Nilimtazama mpaka akakata kona, hakuushusha mkono."

"Na sinia?"

"Kaliacha jikoni. Alisema halitahitajika tena."

Nilikwenda na viatu vile vile vya harusini. Njiani sikulia wala sikukimbia, nilikuwa napiga hesabu za msusi: jua la mchana, mizizi iliyozoea sinia, maji kayatoa wapi. Na chini ya hesabu hizo kulikuwa na jambo lingine, nalo halikuhitaji hesabu. Mpera ukishika ardhi hauna haja tena na mtu. Mvua mbili tatu na matawi yote niliyoyaelekeza yangenyooka juu kama fimbo, majani yangekuwa makubwa kama viganja, shina lingevimba na kumeza ile njia ya mlima. Ungekuwa mpera wa kawaida, mzuri, kama mipera yote. Nami ningebaki na dirisha.

Greda alikuwa amekaa kwenye rundo la udongo uliobaki, fulana imemganda mgongoni. Kumbe lile shimo lake refu lilimtia aibu. Mizizi ya mti wa sinia imekaa bapa kama mfuniko wa sufuria. Alipoushusha, mti mzima ulipotelea shimoni. Ikabidi alifukie karibu lote, ndipo auweke juu. Kisha, kwa kuogopa mbuzi, akauzungushia uzio wa miiba. Uzio ulinifika kiunoni. Ukiwa umesimama ulikuwa unaona boma zuri la miiba na ndani yake hakuna kitu.

"Umefika mapema," akasema. "Sijamaliza kumwagilia."

"Uzio unauzuia mbuzi au unauzuia mti usitoroke?"

Alicheka kidogo, kisha akaniona uso, akaacha.

Nikaondoa miiba upande mmoja, nikapiga magoti. Majani yalikuwa yamelegea. Pera lilikuwa salama, zima, amelitegemeza kwa panda ya mti aliyoichonga na kuivingirisha kitambaa lisichubuke. Nikainama zaidi, nikalala kifudifudi, shavu kwenye ardhi, na nguo za harusi juu yangu.

Hapo sitadanganya. Ulikuwa mzuri. Miaka yote nilikuwa nauona na pazia nyuma yake, na kioo, na makopo ya mafuta. Sasa nyuma yake kulikuwa na mbingu. Wingu lilikuwa linapita kati ya matawi yake taratibu, likaingia upande huu, likakaa kidogo kwenye pindo la shina, likatokea upande wa pili, na mti haukuwa mdogo hata kidogo. Ulikuwa mrefu kuliko kitu chochote kwenye kiwanja kile. Upepo ukaja, wa kweli, si wa feni, mti ukatikisika wote. Nikajisemea, uache. Umeshafika. Wewe ni nani wa kuurudisha kwenye bati?

Udongo ukasikika ukipondeka. Greda naye alikuwa amelala chini, upande wa pili wa shina, na kwa mwili wake ule ilikuwa kazi. Tukatazamana kwa chini ya tawi kubwa.

"Kumbe kuna nafasi huku," akasema polepole.

"Ipo."

"Unakuja huku kila siku?"

"Ukiwa hupo."

Macho yake yalipanda na shina, yakafuata ule mchirizi, yakazunguka nao mpaka juu. Nadhani alikuwa anausoma kama anavyosoma mlima kabla ya kupitisha barabara. "Hii si njaa ya ardhi," akasema. "Hii umeifanya wewe. Yote. Hata hiki kipindo."

"Hicho nilikifanya mwaka ule uliokosa kuja likizo. Nilikuwa na hasira, ndiyo maana kimepinda hivyo."

"Kimependeza."

"Hasira zangu huwa zinapendeza, hujui tu."

Hakucheka. Akasema, "Mimi nilidhani tunaufungulia."

"Greda," nikamwambia. Sikumwita bwana mkubwa wala jina lingine la utani. "Tuseme tunauacha hapa. Uwe mkubwa kama unavyotaka, ukupite. Nani atakaa chini yake?"

"Sisi."

"Lini?"

Alifungua mdomo. Nilimwona anaitafuta siku, anaigeuza, anaiweka chini. Mkataba mwingine ulikuwa umeshasainiwa, gari lingepiga honi wiki ijayo. Angeweza kusema "karibuni", nimeshaisikia hiyo, inajaza mdomo vizuri. Hakusema. Kwa hilo peke yake ningeolewa naye tena.

"Mti huu ndio niliokuwa nakaa nao," nikasema. "Ukibaki hapa, nyumbani nabaki na nani? Na huku nani ataumwagilia, mbuzi? Siku utakayobaki wewe, nao utabaki hapa. Nitauleta kwa mikono yangu. Lakini si leo."

Wingu lile lilikuwa limeshapita kabisa. Nilidhani amekasirika. Mara nikaona kidole chake kile cheusi kinaingia kwenye udongo, mbali na shina, kinazunguka pole pole.

"Niambie mwisho wa mizizi uko wapi," akasema. "Mimi nimezoea kung'oa kwa tani."

"Upana wa sinia tu. Ingia kwa chini. Usivute."

"Sivuti."

"Unavuta."

"Hii inaitwa kuvuta? Hii?"

"Kwa mpera hiyo ni greda."

Alitoa mikono, akaipuliza, akaanza upya. Sijawahi kuona mtu mkubwa akifanya jambo dogo kwa muda mrefu hivyo. Udongo aliutoa chembe kwa chembe. Mzizi ukijitokeza ananitazama kwanza, nikikubali ndipo anaendelea. Nilijua njia ya haraka. Nilinyamaza. Alipoufikia mwisho na kuuinua, mizizi yote ikawa mikononi mwake, bapa, inadondosha maji, akashusha pumzi. Wote wawili tulikuwa tumejaa udongo mpaka nyusi.

Akavua fulana, akailoweka kwenye ndoo, tukaivingirisha mizizi. Pera nilitaka kulishika mimi. Akanikatalia, alisema mkono wake umeshalizoea.

Tulipofika kwenye kigingi cha barabarani alisimama akageuka nyuma, kukitazama kiwanja. Kilikuwa kitupu, majani makavu tu na lile duara la udongo mpya. Nikaona mabega yake yanashuka, nikamwonea huruma. Kisha akaunyoosha mkono ulioshika mti, akauinua mbele yake, akafumba jicho moja, akausogeza kushoto kidogo.

"Njoo usimame nyuma yangu," akasema. "Weka kidevu hapa."

Nikaweka kidevu begani kwake, pale penye chumvi ya jasho. Toka pale mpera ulikuwa umesimama katikati ya kiwanja. Shina lake lilitoka chini kwenye lile duara, matawi yalifunika toka kigingi mpaka kigingi, na pera moja lilikuwa limening'inia juu ya majani makavu, kubwa kama mwezi.

"Unafika kwa jirani," nikasema.

"Atalalamikia majani."

"Tutampa mapera."

Akafikiri. "Mlango uwe upande gani?"

"Huu wa kivulini."

"Na saluni?"

"Saluni ikae barabarani, wapitaji waione. Benchi nje, chini ya tawi. Wifi umwekee cherehani karibu, la sivyo atahamia jikoni kwangu."

"Jiko hujasema liko wapi."

"Subiri, mkono wako unatetemeka. Nyumba inayumba."

Akaongeza mkono wa pili, akautuliza mti, na mimi nikaanza kumwonyesha jiko.